Ufa wa Januari

Dukani kwa Gaylene, mtaa wa pili kutoka relini,
tepe ni mbili tu, zimetundikwa msumari mmoja:
ya karatasi, kavu, haina la kujivunia,
na ya wavu, nyuzi za kioo, gundi yake mgongoni.
"Hii inajibandika yenyewe," akasema.
"Usiku mmoja umemaliza. Watu siku hizi hawana subira."
Nikachukua ya wavu.
Mimi pia ni mtu wa siku hizi.

Hiyo ilikuwa Oktoba.
Januari, Dauphin ikashuka hadi thelathini na nne chini ya sifuri,
misumari ikaanza kualika usiku ndani ya mbao,
mbao za paa zikajikunja, zikainyanyua dari nzima
unene wa ukucha,
na pale dari inapokutana na ukuta
ufa ukatokea, mwembamba, umenyooka,
mstari wa mtu mwenye rula na kisirani.

Baba alikuja na ndoo yake.
Miaka arobaini na mmoja Metro Hrycak amefunga viungo vya bodi za jasi,
shuleni, hospitalini, kwenye ukumbi wa kanisa,
katika nyumba za watu wasiowahi kuutazama ukuta wao.
Hakusema "nilikuambia." Hakuwa ameniambia.
Alipenyeza ukucha chini ya wavu, akavuta,
ukatoka wote kwa mara moja,
plasta iliyolowa kwenye kidonda.

"Ulipaka jasi ipi?"
"Ya ndoo. Iliyokwisha kukorogwa."
Akafumba macho.
Wavu hautaki hiyo, akasema. Wavu unataka ya unga,
inayoganda kwa hasira, dakika ishirini, ngumu kama jino.
Ya ndoo ni laini, ni ya karatasi.
Umemwoza binti kwa mchumba wa mwenziwe.

Basi tukaanza upya, kwa karatasi.
Unalaza jasi kwanza, tele, bila kuionea haya.
Unaikunja karatasi kwenye mkunjo iliotoka nao kiwandani,
unaisukuma konani, kisu kinafuata, kinakamua,
lakini si sana:
ukikamua yote karatasi inabaki na kiu,
na kiu ile itavimba.

Mkono wake ulitetemeka. Tangu mwaka juzi unatetemeka.
Kisu kikagongagonga ukutani, kigoma kidogo,
na alikamua yote.
Niliona. Aliona kwamba nimeona.
Tukanywa kahawa, tukaisema vibaya serikali ya mji.

Saa nne usiku nikalaza tochi ubavuni mwa ukuta.
Mapovu matatu.
Nikayapasua kwa wembe, nikayalisha jasi kwa ncha ya kisu,
nikayalaza chini na kidole gumba.
Jumapili alirudi na msasa. Alipofika pale
vidole vyake vilisimama,
kimoja, kisha cha pili, kisha vikaendelea.
Hakusema kitu, nami nilikuwa nafagia.

Lilibaki tundu la nyuma ya mlango,
kitasa kilipopiga siku Nestor alipoondoka kwenda Fort McMurray
bila kofia, bila kwaheri.
Kalenda tisa za ushirika wa nafaka zimelifunika.
Baba aliitoa ya mwaka huu, akatazama ndani
mpaka kwenye nguzo, pamba ya kuzuia baridi, giza.
Kisha akainama sakafuni, akaokota mabaki ya wavu wangu,
yaliyokuwa bado na gundi.
"Hapa karatasi haifai," akasema.
"Haina kona ya kushika. Weka hii. Koroga ya unga."

Nikakoroga. Nikapaka mimi.
Yeye alishika saa.
Dakika ishirini hatukusema neno,
tukingoja iwe jino.

Dari, alisema akivaa buti, huenda ikapasuka tena.
Nyumba ikipata baridi inajinyoosha kama mtu mwingine yeyote.
Kalenda imebaki mezani, Februari juu.
Hakuna aliyeuliza msumari wake uko wapi.